Ujumbe Uliofika kwa Frankline

Shakir, fundi wa injini za boti, alizaliwa Kaloleni katika zile nyumba kuukuu za baraza, lakini ufuoni mwa ziwa ndiko alikokulia. Babu yake alikuwa mtu wa pwani, bibi yake Mjaluo wa Seme, na yeye mwenyewe aliswali kwa Kiarabu na kutukana kwa Kidholuo. Mikono yake ilikuwa mizito. Ujanani alimvunja mtu taya kwa ugomvi wa kuku. Rehma alipokubali kuolewa naye, alimpa sharti moja tu: "Hiyo mikono ikikuja kwangu hata mara moja, naenda kwetu." Haikwenda kwake kamwe. Kwa wengine ilikwenda.

Mwaka ule ziwa lilikuwa na wezi. Walikuja kwa boti ya kasi, wakawapiga wavuvi kwa makasia, wakang'oa injini na kuondoka. Aliyeng'ang'ania injini yake alikatwa na kutupwa majini. Wengi waliogelea hadi nchi kavu. Omondi, mwana wa Agneta muuza samaki, hakuogelea. Alikutwa akielea kwenye magugu maji, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya nyavu. Shakir alikuwa miongoni mwa waliomvuta nje, na ndiye aliyeikata ile kamba. Ilikuwa imezama ndani ya nyama, akalazimika kuitafuta kwa ncha ya kisu huku Agneta akishikiliwa na wanawake wenzake, akipiga mayowe.

Basi siku moja akaja Frankline kwenye kibanda cha Shakir. Alikuwa muuzaji wa vipuri kule mtaa wa Manyatta, mtu wa maneno laini, aliyesalimia kila mtu kwa jina. Alileta injini kwenye mkokoteni, imefunikwa gunia.

"Fundi, hii kitu inakohoa. Niangalilie."

Shakir aliifungua. Namba zilikuwa zimesuguliwa kwa tupa zikafutika, lakini kwenye mkono wa kushikia boti palikuwa na mshono aliouchomelea kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa injini ya Omondi. Akajikaza, akasema iachwe. Frankline alipoondoka, alipiga picha, akamwandikia Opiyo kwenye Wasap. Opiyo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ufuo, na rafiki yake tangu wakiwa watoto wa kuvua samaki kwa ndoano za pini.

"Hii ni injini ya Omondi," aliandika. "Mahali nilichomelea napajua kama uso wa Safa. Frankline ndiye ameileta. Usiseme kwa mtu, nitauawa."

Safa alikuwa binti yake. Jibu lilirudi upesi: "Nimeona, omera, ndugu yangu. Nyamaza. Naenda kwa polisi mwenyewe."

Shakir akaufuta ujumbe kwenye simu yake, akarudi kazini akiwa ametulia. Simu yenyewe ilikuwa imeandika pale juu ya mazungumzo kwamba hakuna mwingine awezaye kuyasoma. Yeye na Opiyo tu.

Kesho yake mchana mvua ilinyesha kwa nguvu, na ufuo ukabaki mtupu, watu wakiwa wamejibanza chini ya mabati. Frankline aliingia kibandani na wanaume wawili ambao Shakir hakuwajua. Mmoja alifunga mlango. Shakir alinyanyua nyundo na kumpiga wa kwanza begani, akasikia mfupa ukilia. Wa pili akampiga kwa ubapa wa panga nyuma ya shingo, akaanguka kwa magoti. Walimkanyaga hadi pumzi ikamkatika, kisha wakamwinua na kuuweka mkono wake wa kulia kwenye jiliwa, ile ya kubania vyuma. Frankline mwenyewe ndiye aliyezungusha kishikio, polepole, kama mtu anayefunga bomba.

"Napajua kama uso wa Safa," alisema kwa ile sauti yake laini. "Ndivyo uliandika, ama? Safa anatoka shule saa ngapi, fundi?"

Shakir alipiga ukelele, na mvua ikaumeza.

"Vidole hivi ndivyo viliandika?"

Panga lilishuka. Vidole viwili vikabaki upande wa pili wa jiliwa. Wakaipakia injini kwenye mkokoteni, wakaondoka bila kukimbia. Shakir aliushika mkono wake kifuani na kusukuma mlango kwa kichwa. Wa kwanza kumwona alikuwa Agneta, aliyefungua leso yake kiunoni na kuukaza mkono ule hadi damu ikapungua.

Hospitalini alihojiwa na polisi, akasema hajui kitu. Rehma naye alimuuliza, akamwambia ni wezi tu. Ndani mwake kulikuwa na jambo moja lililomuuma kuliko kidonda. Frankline aliyasema maneno yake neno kwa neno, na maneno yale aliyatuma kwa mtu mmoja tu duniani. Opiyo alipokuja kumtazama, akasimama kando ya kitanda akilia kama mtoto, Shakir aligeukia ukutani. Aliyahesabu machozi yale kuwa ya msaliti.

Aliporuhusiwa kutoka hakwenda nyumbani. Alishuka ufuoni moja kwa moja. Opiyo alikuwa ameinama akichota maji ndani ya boti na kuyamwaga. Shakir aliokota kasia kwa mkono wa kushoto na kumpiga kichwani bila kumwita.

Opiyo alipepesuka, akageuka, damu ikimtiririka juu ya jicho. "Shakir, omera, ni mimi!"

"Ndiyo, ni wewe!"

Akampiga tena, usoni. Opiyo akaanguka kwenye mchanga, akijikinga kwa mikono. Shakir alimpiga mikononi, akampiga mbavuni, bendeji yake ikilowa damu upya, huku akipiga kelele kwamba amemuuza, amemuuza yeye na mwanawe, kwamba Frankline aliujua ujumbe wake neno kwa neno. Wavuvi walikuja mbio lakini waliliogopa lile kasia. Ni Agneta aliyejitupa juu ya Opiyo.

"Basi nimalize na mimi!" alisema. "Si nyinyi wanaume mmezoea kuua hapa?"

Kasia likabaki hewani, kisha Shakir akaliachia. Polisi walimkuta ameketi palepale.

Alikuwa kwenye seli Rehma alipokuja, akiwa na Lornah, binti wa Opiyo. Lornah alikuwa na macho yaliyovimba na simu ya baba yake mkononi. Hakumsalimia.

"Baba Safa," Rehma alisema, "sikiliza huyu mtoto. Usifungue mdomo mpaka amalize."

Lornah aliisogeza simu karibu na vyuma. Alisema baba yake jicho la kulia limekwisha, madaktari wamesema. Alisema baba yake hakumwambia mtu yeyote ila afisa mmoja wa polisi, na afisa huyo hakupewa ule ujumbe, alipewa jina tu. Kwa hivyo Lornah mwenyewe usiku kucha alijiuliza yale maneno yalipita wapi. Asubuhi akafungua mipangilio ya Wasap, pale panapoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Palikuwa na kompyuta.

"Baba hana kompyuta, na hii ilikuwa inatumika leo."

Opiyo, akiwa kitandani, alikumbuka. Miezi iliyopita alikwenda kwenye saiba ya Griffins, duka la kompyuta kule Manyatta, kuchapisha picha za boti zilizoharibiwa, apeleke kwenye mkutano. Griffins alimwambia aelekeze simu kwenye ule mraba wa madoadoa kwenye skrini ili picha zihamie kwenye kompyuta. Picha zilichapishwa, Opiyo akashukuru, akaenda zake. Hakuna aliyemwambia kwamba mlango ulibaki wazi. Tangu siku ile, kila alichoandikiwa kilifika mahali pawili, kwenye simu yake na mbele ya Griffins. Naye Griffins alikuwa binamu wa Frankline.

"Hakuna aliyevunja kitu," Lornah alisema. "Na wewe ulifuta kwako peke yako. Kwake ulibaki."

Shakir alisogea mbele. Alipiga paji la uso kwenye vyuma vya seli, mara moja, mara ya pili, hadi Rehma akapenyeza mkono na kumshika nywele.

Alitolewa siku iliyofuata. Opiyo alikuwa amewaambia polisi kwamba aliteleza kwenye boti. Afisa hakuamini, lakini bila mlalamishi angefanya nini?

Habari ilitangulia polisi. Shakir hajakaa hata kibandani mwake, akasikia kelele zinakuja kutoka barabarani. Watu wa ufuo walikuwa wamemtoa Griffins kwenye saiba na kumburuta hadi ufuoni, shati limechanika, meno ya mbele hayapo. Mtu mmoja alikuwa amembebesha tairi shingoni. Agneta alikuwa kati yao, ameshika jiwe.

"Fundi! Leta petroli! Huyu ni wako!" mmoja wao alipaza sauti.

Griffins alimtazama kwa jicho lililokuwa bado linafunguka. "Fundi, sikujua watakukata," alisema kwa mdomo uliojaa damu. "Waliniambia watakutisha tu."

Shakir alichukua mtungi wa petroli kwa mkono wa kushoto. Watu wakashangilia, wakampisha. Alitaka kumchoma. Kidonda kilikuwa kinampiga kama ngoma, na alimwona Omondi kwenye yale magugu. Lakini alimwona pia Opiyo akijikinga kwa mikono na kusema ni mimi, na akili yake ikakataa kuvuka pale. Akaupindua mtungi, petroli ikamwagika mchangani mbele ya miguu ya watu wote.

"Huyu anajua walipo," alisema. "Akiungua, Frankline amepona."

Walimpiga kwa hilo. Mtu alimtupia jiwe likampasua nyusi, mwingine akamwita mwoga, wakamsukuma ukutani. Agneta aliliangalia jiwe lililokuwa mkononi mwake kwa muda, kisha akalitupa ziwani na kukaa chini. Polisi walifika Griffins akiwa bado anapumua, taya imevunjika na mbavu zimeingia ndani. Aliyoyasema baadaye yalimfikisha Frankline na wenzake rumande, na injini kadhaa zikapatikana zimefichwa ndani ya ghala la makaa. Kesi bado inasikilizwa.

Shakir anajifunza kushika spana kwa mkono wa kushoto. Kazi inakwenda polepole na wateja wengine wamehama. Alikaa muda mrefu kabla ya kupata ujasiri wa kwenda nyumbani kwa Opiyo. Alimkuta chini ya kivuli cha nyumba, akishona wavu, uso ameugeuza ili jicho zima liione sindano. Lornah alimletea mgeni kigoda, akakiweka chini kwa kishindo na kuingia ndani.

Shakir akakaa. Opiyo akasema bila kuinua kichwa, "Niliwaambia polisi nilianguka. Wewe unajua sikuanguka."

"Najua."

"Kama kweli ni mimi niliyesema. Ungenimaliza?"

Shakir alifikiria kusema uongo. "Ningekumaliza."

Opiyo alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Basi hamia upande huu," alisema. "Ukikaa upande huo sikuoni, na siwezi kushona nikiwa naogopa."

Shakir akainuka, akahamisha kigoda.