Kikombe cha Bati

Wanjala alikuwa na bunduki nne, na haki ya Mungu alizipenda kuliko gari lake. Kwao Bungoma hakuwahi kushika hata moja. Kenya ukimwinda swara unafungwa. Lakini katika miaka ishirini ya unesi huku Maplewood, Marekani, alijifunza kuwinda kulungu, akawafunza na wengine, akiwemo kijana Duncan, na kila Novemba kanisa zima la Wakenya lilikula nyama yake.

Kila Jumamosi alizifungua kule gereji, akasugua mitutu, akazipaka mafuta, akazirudisha kwenye kabati la chuma. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Jumamosi moja ya Septemba ilimla saa tatu, na springi ndogo ya bunduki kuukuu ikamponyoka mara saba. Mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka bila kuulizwa.

Alijua ni nini: yale maradhi ya kutetemeka yasiyopona. Wagonjwa wangapi amewaona wakianza hivyo hivyo? Kanisani akautia mkono mfukoni, nyumbani akanywa chai kwa mkono wa kushoto. Mkewe Peris, nesi vilevile, alikuwa ameona tangu Julai, akanyamaza asije akamvunja moyo. Watu wawili wanaolipwa kuchunguza maradhi ya wengine, nyumba moja, kila mmoja anamficha mwenzake jambo ambalo wote wanalijua! Mficha maradhi kifo humuumbua, na hawa wala hawakuwa wajinga.

Ijumaa moja ya Novemba, siku moja kabla ya msimu wa kuwinda kufunguliwa, Peris alimkuta ameketi sakafuni gereji, akiitafuta springi.

"Baba Timothy," alisema, "mkono huo ndio utashika bunduki karibu na kichwa cha Duncan?"

Wanjala alikasirika. Hakuwa na wa kumkasirikia. Akampa ufunguo wa kabati.

Duncan alikuwa amefundishwa kulenga na Wanjala mwenyewe. Alfajiri alipokuja kumchukua, Peris alimweleza yote mlangoni. Duncan akamgeukia Wanjala.

"Mzee, twende tu. Mimi nita-shoot, wewe uni-guide. Bila wewe mimi sijui kitu."

Basi wakaenda, mwendo wa saa mbili kaskazini, wakapanda kwenye jukwaa lao la chuma lililofungwa mtini. Peris alikuwa amewafungia chai ya maziwa na vikombe vya bati, maana Mkenya haendi popote bila chai. Bunduki akashika Duncan, kikombe akashika Wanjala.

Dume likatokea, shingo nene, pembe pana.

"Ngoja," Wanjala akanong'ona. "Ligeuke ubavu kwanza. Ngoja."

Jicho lake lilikuwa bado la mwindaji, na kwa dakika hiyo alifurahi, alifurahi kabisa. Duncan akalenga.

Kikombe kikaanza kugonga chuma cha jukwaa. Ti-ti-ti-ti. Wanjala akakishika kwa mikono miwili, kikazidi. Angekiachia, kingeanguka kwa kishindo. Akakikumbatia kifuani, chai ikamlowesha, na bado kikawa kinagonga zipu ya jaketi. Kulungu akainua kichwa, akawatazama, akatokomea msituni.

Duncan akashusha bunduki polepole.

"Ni upepo, Mzee," alisema.

Hapakuwa na jani hata moja lililotikisika.

"Eeh," alisema Wanjala. "Upepo."