Rejeta Niliyomwazima Mashauri

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizoshika usukani ni ile Jumapili niliyotaka kushinda bila kushindana. Mwanangu, juzi nimekuona ukishangilia gari la mwenzako lilipokataa kuwaka kabla ya mbio, ndiyo maana nimekuita tukae kidogo. Usinune. Chai ipo.

Wakati huo nilikuwa kijana wa Nyakato, fundi gereji siku za kazi, dereva wa mbio za vumbi siku za mapumziko. Uwanja wetu ulikuwa nje ya mji, njia ya Kisesa, duara la udongo katikati ya mawe yetu haya ya Mwanza, na watu walikaa juu ya mawe hayo kutazama. Siku hiyo tajiri mmoja alikuwa ameahidi kumpa mshindi gari jipya la kushindania msimu mzima. Mimi nilikuwa naendesha mkweche wa mjomba. Gari lile jipya nililitamani hadi chakula kikanishinda.

Mtu pekee wa kunizuia alikuwa Mashauri, mtoto wa wavuvi wa Musoma. Asubuhi ile akaja kwangu jasho likimtoka. Jiwe lilikuwa limetoboa rejeta yake, maji yote ya kupoza injini yamemwagika. Magari yetu yalikuwa ya aina moja, na mimi nilikuwa na rejeta ya akiba.

"Kaka, niazime hiyo. Bila hiyo leo siendeshi."

Nikajikuna kichwa. Moyoni nilikuwa nimeshakaa ndani ya gari jipya, nimefunga na mkanda.

Babu yangu alikuwepo, amekuja kutoka Magu kuniona nikiendesha kwa mara ya kwanza. Mashauri akamwamkia shikamoo, babu akaitikia marahaba, kisha akanigeukia mimi. Enzi zake alikuwa mcheza ngoma mashuhuri. Kila baada ya mavuno wao Wagika walishindana na Wagalu, makundi mawili uwanja mmoja, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi upande wake.

"Wagalu wakipasukiwa na ngoma, tuliwaazima yetu," akasema. "Tukawashinda hivyo hivyo, au wakatushinda. Wewe ukicheza peke yako, watu watakuja kutazama nini? Mpe mwenzako. Tena umfungie mwenyewe, na bolti uzikaze."

Nikamfungia, midomo nimeivuta. Kutoa ni moyo, wanasema, lakini siku ile moyo wangu ulisukumwa kutoka nyuma.

Na Mashauri akanishinda! Kona ya mwisho alipita upande wa ndani, vumbi lake nikalila lote, na gari jipya likaenda kwake. Nililia, mwanangu, sikufichi. Nikamwambia babu kwamba yeye ndiye aliyeniponza.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Kelele za watu umezisikia? Hujawahi kukimbia namna ile maisha yako yote. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Kesho yake Mashauri alirudisha rejeta, ameiosha inang'aa. Alikuja akiendesha gari lake la zamani, akanikabidhi funguo. "Chukua," akasema. "Ukibaki na ule mkweche wa mjomba wako, mimi nitakuwa nasinzia njiani."

Tangu hapo tulifukuzana mpaka tukaota mvi. Leo yeye, kesho mimi. Hakuna kona ninayoijua ambayo sikuijua kwa kumkimbiza Mashauri au kwa kumkimbia. Mbio zile zimenipa jina, zimenipa gereji hii, zimenipa na mke wangu, ambaye siku ya kwanza nilimwona juu ya jiwe akimshangilia Mashauri. Namshukuru Mungu kwa yote hayo. Lakini nikipiga magoti, jina la Mashauri hulitaja kabla ya mengine, kwa sababu bila yeye ningezeeka nikiwa dereva wa kawaida mwenye gari zuri.

Basi inuka, uende kwa mwenzako leo hii. Muulize gari lake lina nini. Ukiwa na kifaa anachokosa, mpe, umfungie mwenyewe. Anayekufukuza ndiye anayekufundisha kukimbia, na ukimwombea abaki nyuma umejiombea wewe mwenyewe uwe mzito.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde kwenye kila kona, akuzeeshe salama, na akupe mpinzani hodari siku zote za maisha yako.