Majina Mawili kwenye Fomu Moja

Ile fomu ya chuo cha ualimu niliiharibu mimi. Pale kijijini kwetu Mkunya watu walisema ofisi ilitaka rushwa. Si kweli, mkono ulioharibu ni huu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa Masasi, hata mimi nikapata koti la kuvaa ofisini, limenibana makwapani, lakini niache habari za koti. Binti yangu alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza kidato cha nne. Mimi niliishia darasa la pili. Alijaza sehemu yake, akaniachia ya mzazi, akaenda shamba. Palikuwa na mahali pa kuandika jina la mtoto. Nikaandika, herufi moja moja, jina alilotoka nalo unyagoni. Kwetu mtoto akishachezwa, jina la utotoni linaachwa huko huko. Kumwita nalo ni kumtukana. Nikasahau kwamba shule ilimwandikisha kabla ya unyago, na cheti kina lile la zamani.

Siku ya mwisho ya kupokea fomu tukaenda nayo Newala. Karani wa elimu, kijana wa bara, aliniamkia vizuri. Akasoma, akarudia.

"Mzee, una mabinti wangapi?"

"Mmoja, huyu hapa."

"Mbona cheti ni cha mwingine?"

"Ni yeye. Alipokua tulimpa jina jingine."

"Basi nenda mahakamani ukaape kwamba ni mtu mmoja. Barua zinaondoka saa nane, mzee. Usichelewe."

Mahakamani benchi limejaa, wengine jamaa zetu wa Makote. Mwandishi wa pale akauliza, "Jina la utotoni?" Mdomo ukakataa. Nimtukane mwanangu mbele ya watu, mimi baba yake? Nikaomba niandike, akasema kiapo hutamkwa. Nilisimama pale mpaka wa nyuma yangu wakahudumiwa.

"Sema tu, Baba," binti yangu akaninong'oneza. "Mimi sitasikia."

Nikasema. Mama mmoja kwenye benchi akaangalia pembeni.

Lakini hakimu wa kutia sahihi alikuwa ameshatoka kwenda kula. Alirudi saa tisa. Tulimkuta yule kijana wa elimu anafunga madirisha. Akaishika fomu na kile kiapo, akaviangalia, akanirudishia.

"Labda mwakani, mzee."

Njiani kurudi binti yangu alitangulia, anakwenda haraka. Nilitaka kumwita anisubiri. Nikaona haya kumwita kwa jina lolote.