Lifti Yangu ya Kwanza na Pikapu ya Asali

Nakumbuka siku moja kwenye baraza la kahawa pale Chemchem, nimerudi kutoka Maskati na stashahada yangu ya ufundi magari, walisema gereji yangu haitamaliza msimu mmoja wa tumbaku. Fundi Saidi, fundi magari wa siku nyingi pale mtaani, ndiye aliyeyaanzisha maneno hayo, na wote wakacheka, hata muuza kahawa. Mwanangu, leo watu wanapita gereji nyingine njiani kutoka Bukene ili magari yao niyatengeneze mimi, na sioni haya kujisifu. Lakini nikikusimulia mazuri tu nitakuwa nimekudanganya.

Lifti yangu ya kwanza, mashine ya kuinulia magari, niliichagua kwa macho. Ilifanana kabisa na ile niliyoifanyia kazi Maskati, nyekundu, ya nguzo mbili, ya kubeba tani mbili na nusu. Nikaifunga juu ya sakafu niliyoikuta. Mzee Rajabu, jirani yangu aliyestaafu karakana ya reli, akaja kuiona. Nikampa shikamoo, akaitikia, akagonga sakafu kwa kisigino, akauliza chini yake kuna nini. Nikamweleza habari za stashahada yangu. Akamaliza chai niliyompa, akaondoka.

Wiki ya tatu akaja Bwana Kashindye, mfuga nyuki wa Ipole, pikapu yake inavuja oili, nyuma imejaa mapipa ya asali. Nikamwomba ashushe mzigo. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni, kwamba asali haishushwi mchana, nyuki wa mji mzima watahamia hapo. Tungoje jua lizame. Mimi sikutaka kungoja. Baraza la kahawa lilikuwa ng'ambo ya barabara, linanitazama. Nikaipandisha pikapu na mzigo wake.

Yohana, fundi niliyemwajiri, baba wa watoto watatu, akaingia chini na spana. Ghafla sakafu ikalia. Nyuma ya gari ikazama, boliti za nguzo moja zikang'oka pamoja na saruji. Yohana alijirusha nje, kiatu chake kimoja kikabaki kule chini. Pipa likapasuka, asali ikachuruzika, na nyuki wakaja kweli, wakawatawanya hadi wanywa kahawa.

Wa kwanza kutokea ni Mzee Rajabu, kajifunga kitambaa usoni, anasukuma mkokoteni wa mataruma, yale magogo ya zamani ya kulazia reli. Akayapanga chini ya pikapu mpaka ikatulia.

"Magari ya Maskati uliyatazama," akaniambia. "Haya ya Ipole uliyatazama lini?"

Yohana alisema haingii tena chini ya lifti, na nani angeniletea gari ikiwa fundi wangu mwenyewe anaogopa? Nilijua gereji imekwisha.

Jioni ile Mzee Rajabu akaniachia mataruma yake. Kashindye akaniachia turubai la kutandika tulalie tukifanya kazi. Na Fundi Saidi, yuleyule, akaja na jeki yake kubwa na stendi mbili za kuegemezea gari.

"Chukua, Maskati," akasema. "Ukifunga gereji nitamcheka nani?"

Msimu mzima mimi na Yohana tulifanya kazi tumelala chini. Nami nilikaa mlangoni na daftari, naandika kila gari linaloingia na limebeba nini. Mengi yalikuwa pikapu na malori madogo, yana tumbaku, mpunga, asali. Mashine ya kutolea tairi niliyotaka kuagiza nikaiacha, maana ilishika rimu za magari ya kutembelea tu. Nikachukua inayoshika rimu pana, nayo na ile ya balansi, ya kusawazisha magurudumu, zote za umeme wa kawaida wa nyumbani, kwa kuwa ndio uliofika kwangu. Lifti nikatafuta ya tani nne, yenye kufuli kila nguzo la kuizuia isishuke ghafla. Sakafu tukaichimba, tukamwaga zege nene lenye nondo, na Mzee Rajabu akakataza lisiguswe mwezi mzima. Nilitii, ingawa mikono iliniwasha.

Siku ya kurudisha vya watu niliwaita wote watatu; mataruma, turubai, jeki na stendi, vyote vilikuwa vimeoshwa. Kashindye alikuja na pikapu tupu. Mapipa aliyashusha kwa nduguye usiku uliotangulia. Nikaipandisha kwenye lifti mpya. Mzee Rajabu akagonga sakafu kwa kisigino, kisha, bila kuombwa, akaingia chini ya gari akasimama pale akisubiri. Yohana akaokota spana, akamfuata.

Basi mwanangu, ukinunua lifti, usiulize kwanza inauzwaje wala nani anayo. Uliza gari la kwenu lina uzito gani likiwa na mzigo, na sakafu yako ina nini chini. Mashine za tairi zichague kwa rimu zinazopita mlangoni kwako. Mteja akikwambia ngoja jioni, ngoja. Na Mungu akujalie kila anayeingia chini ya gari lako atoke kwa miguu yake, viatu vyote viwili, arudi kwa watoto wake.