Bi Wetu, ofisa wa ubalozi aliyekataa kumwacha mgonjwa asiye na jina

Saa tatu asubuhi, kioo cha dirisha la huduma ubalozini kinasukumwa kando. Kijana mmoja mrefu anaingiza mkono na kuweka kitu mezani kwa aibu. Kilikuwa pasipoti. Sasa ni bonge la karatasi lililokauka.

"Iliingia kwenye mashine ya kufulia, mama. Niliisahau mfukoni mwa suruali."

Mwanamke aliyeketi ndani analigeuza bonge hilo kwa ncha ya kalamu, kisha anamtazama kijana juu ya miwani.

"Hii si pasipoti tena, mwanangu. Lakini imetakata."

Foleni nzima inaangua kicheko. Kijana naye anacheka, mabega yanamshuka. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba atapewa hati ya muda ya kusafiria, kwa hiyo akimbilie duka la jirani akapige picha. "Na uchane nywele. Utakaa na sura hiyo mpaka nyumbani."

Hapa wanamwita Bi Wetu. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa sababu kila simu ikilia kutoka polisi, hospitali au bandarini, swali lake la kwanza ni lile lile: "Ni wetu?"

Ana umri wa miaka hamsini na miwili. Kazi yake ni kuwashughulikia wananchi waliokwama ugenini: walioibiwa, waliofungwa, wanaougua, na waliofariki.

"Watu wakisikia mwanadiplomasia, wanawaza suti na glasi mkononi," anasema. "Hata mama yangu. Nikimpigia simu ananiuliza, 'Leo umekula na rais gani?' Namwambia, mama, leo nimeshinda mochwari."

Alianza kazi wizarani kama karani wa masijala. Jioni alisoma, na baada ya kuanguka mara moja akafaulu mtihani wa maofisa wa mambo ya nje. Hiki ni kituo chake cha tatu. Mumewe, mwalimu wa hisabati, aliacha kazi ili wasitengane.

"Mimi ni balozi wa jikoni," anatania mume huyo. "Nchi yangu ina sufuria tano na raia wawili wasumbufu."

Kisa kinachosimuliwa mpaka leo na wananchi wanaoishi mji huu kilianza mwaka juzi, kwa simu kutoka hospitali ya serikali.

Kulikuwa na mwanamume aliyeanguka kutoka kwenye jengo linalojengwa. Mkandarasi aliyemwajiri alikuwa ametoweka. Mgonjwa hakuwa na karatasi yoyote, na tangu azinduke alikuwa hajatamka neno. Balozi kadhaa zilipigiwa simu, kila moja ikasema si wake. Kitanda kilikuwa kinahitajika, na uongozi ulikuwa umeamua kumpeleka kwenye makao ya watu wasio na ndugu.

"Huko ukiingia bila jina, hutoki," anasema Bi Wetu.

Alikwenda kumwona, akarudi tena. Akimuuliza jina, kimya. Akimuuliza kwao, kimya. Mgonjwa alimtazama tu, kama mtu anayetazama mvua.

Safari moja alifika akiwa hoi, ametoka kushinda mahakamani. Pazia la kitanda lilikuwa limefungwa.

"Nilijisahau kama niko kazini. Nikasema kama ninavyosema mlangoni kwa jirani: 'Hodi humu ndani?'"

Nyuma ya pazia ikatoka sauti iliyokwaruza.

"Karibu."

"Nilivuta pazia. Muuguzi alisimama na trei yake mkononi. Hakujua kilichosemwa, ila alijua mgonjwa wake amesema."

Bi Wetu alirudi ubalozini mbio, akaingia ofisini kwa balozi. Balozi huyo, ambaye sasa amestaafu, anayakumbuka mazungumzo hayo vizuri.

"Nilimwambia, Kiswahili hakina mpaka. Watu wa nchi ngapi wanamkaribisha mgeni hivyo? Tukisema ni wetu, lawama zote zitakuwa zetu."

Jibu alilopewa anasema hajalisahau: "Mheshimiwa, akiwa si wetu, tutamkabidhi kwa wenyewe na watatushukuru. Lakini akiwa ni wetu na tukamwacha, mama yake tutamwambia nini?"

Balozi mstaafu anacheka kwenye simu. "Nilitaka kukataa. Lakini nikaona hajaketi. Mtu akikataa kiti mbele ya meza yako, ujue hajaja kuomba ruhusa. Amekuja kukuarifu."

Balozi akaiomba hospitali iwape muda, nayo ikakubali.

Ikawa kila dirisha likifungwa, Bi Wetu anakwenda wodini. Mumewe naye alikwenda, akawa anamnyoa mgonjwa ndevu huku akimpigia stori za mpira. Maneno yakaanza kurudi, moja leo, moja kesho: maji, baridi, fundi. Kisha, siku mmoja wa wauguzi alipompapasa kichwani, mgonjwa akasema: "Mamkubwa."

Lilikuwa neno la kwanza kumhusu mtu. Kwa idhini ya hospitali, chama cha wananchi wanaoishi nchi hiyo kilisambaza picha yake kwenye simu. Ikapita mkono kwa mkono mpaka nyumbani, ikamfikia mwenye duka mmoja wa vifaa vya ujenzi aliyemtambua. Akafunga duka saa ile ile, akaibeba simu mpaka kwa mamkubwa mwenyewe, dada wa mama yake mzazi, aliyemlea kijana huyo tangu mama huyo alipofariki.

Siku walipounganishwa kwa video, mamkubwa alikaza macho kwenye kioo, akatikisa kichwa.

"Mbona umekonda hivyo? Umekula?"

"Nimekula, mamkubwa."

Bi Wetu alitoka nje. "Nililia kwenye korido. Hatukufundishwa kulia mbele ya watu wa nje."

Alipanda naye ndege, akamkabidhi kwa mkono wake. Mamkubwa, akizungumza nasi kwa simu, alisema: "Tulikwisha kumlia, tukanyamaza. Yule mama akaturudishia. Mimi namwita mdogo wangu, na hakuna wa kunibishia." Kijana huyo sasa anatembea na fimbo na kuzungumza polepole, lakini amerudi kwenye kazi yake ya zamani ya kufyatua matofali.

Si wote wanaorudi hivyo. "Wapo niliowasindikiza wakiwa kwenye sanduku," anasema Bi Wetu.

Naye amelipa gharama ya kazi hii. Baba yake alifariki wakati Bi Wetu akihangaikia mabaharia waliotelekezwa na mwenye meli. Mazishi aliyasikiliza kwa simu, amekaa kwenye ngazi za ofisi ya bandari.

"Simlaumu mtu. Siku ninaapishwa, baba alikaa safu ya mbele, amevaa koti la kuazima. Alijua nimekula kiapo gani. Na mabaharia wale wote walifika makwao."

Binti yao, anayesoma chuo kikuu, anakiri kwamba utotoni aliwaonea wivu wananchi waliokuwa wakimnyang'anya mama. "Siku hizi nikiulizwa mzazi wako anafanya kazi gani, nasubiri kidogo kwanza, ili wote wanyamaze wasikie."

Na kesho? Bi Wetu hafichi kwamba anatamani kuwa balozi, hata wa kituo kidogo kisichogombewa na mtu. Tukiwa uani, ananionyesha jinsi jengo lilivyo. Wageni rasmi huingia kwa mlango wa mbele, penye zulia jekundu na maua. Wananchi hupitia ubavuni, karibu na jenereta.

"Siku nikipewa ubalozi, kazi yangu ya kwanza itakuwa mlango," anasema. "Mwananchi akija na shida zake atapita mbele, juu ya zulia, na viatu vyake vya matope. Limenunuliwa kwa kodi yake. Acha alichafue."