Mpira Aliouacha Mreno

Kabla sijawa kinyozi nilikuwa beki wa kati. Nalisema mapema kwa sababu wateja wangu wengi pale Yeoville, mtaa wa Johannesburg, hawaamini, na wale wachache wanaoamini, afadhali wasingejua. Mtu anakaa kwenye kiti, namfunga kitambaa shingoni, ananitazama kwenye kioo, kisha anauliza polepole kama mimi si yule wa ile mechi. Namwambia ainamishe kichwa.

Nilitoka Bukavu nikiwa kijana, nikacheza Lubumbashi, kisha nikateremka hadi Johannesburg na kupata timu katika daraja lililo chini ya ligi kuu. Haikuwa timu kubwa. Uwanja wa mazoezi tuligawana na shule, na jezi za mazoezi kila mtu alifua zake. Lakini nililipwa kwa kucheza mpira. Mke wangu, aliyekuwa akisuka nywele katika saluni ya Mkongo mwenzetu, aliwaambia wateja wake kwamba mumewe ni mchezaji, na alilisema kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mreno, beki mwenzangu, alitukuta pale. Alizaliwa kaskazini mwa Ureno, katika mji wa viwanda vya viatu. Baba yake alikata ngozi, mama yake alishona soli. Klabu kubwa ilimchukua akiwa kijana, na upo msimu mmoja aliocheza ligi kuu ya kwao wiki hadi wiki, magazeti yakawa yanasema huenda akaitwa timu ya taifa. Kisha goti likapasuliwa. Aliporudi, kocha alikwisha pata beki mwingine. Wakamkopesha, wakamkopesha tena, mwisho wakamuuza. Alicheza Saiprasi, akacheza Romania, akacheza Angola, na kila alikokwenda uwanja ulikuwa mdogo kuliko wa kule alikotoka. Mkewe alikuwa na jamaa kusini mwa Johannesburg, Wareno waliohama Msumbiji zamani. Akamwambia basi, twende tukakae na ndugu zangu. Ndivyo alivyofika kwetu.

Hayo alinisimulia vipande vipande kwenye basi la timu tukienda Polokwane au Durban, kwa Kiingereza chake kibovu na changu kibovu zaidi, na Kifaransa tulipokwama. Hakulalamika. Alisema maisha ya beki ni kurudi nyuma huku unautazama mpira. Nilimpenda kuanzia siku hiyo, na sioni haya kulisema hata leo.

Shida yetu ilikuwa uwanjani. Mabeki wa kati wasiozungumza ni mlango usio na komeo. Kiingereza kila mtu alikielewa, Kizulu na Kisotho ndizo lugha za washambuliaji wenyewe, na Kireno hakikutufaa kwa sababu kila timu ilikuwa na Mmsumbiji wake. Kikabaki Kiswahili. Nilimfundisha maneno machache tu. Panda, tunaposogea mbele pamoja ili mshambuliaji abaki ameotea. Rudi. Niko, maana yake mpira huu ni kazi yangu. Na acha, maana yake usiuguse, nyuma yako nipo mimi au yupo kipa. Aliyashika upesi kuliko nilivyotarajia. Washambuliaji walitutazama kwa wasiwasi, na mmoja alikwenda kutushtaki kwa refa kwamba tunamloga.

Ilikuwa raha, siwezi kusema vingine. Nikiita panda, jitu lile jeupe lilikuwa likisogea mbele pamoja nami bila kugeuza shingo. Jumapili, tukitoka kanisani, alikuja kwetu na mkewe kula bugali na sombe, kisamvu cha kwetu, na mke wangu akimcheka anavyopuliza tonge. Goti lake nililijua. Alikuwa akiwahi kufika ili alifunge bandeji peke yake chooni kabla daktari wa timu hajaingia. Mipira ya juu ya upande wake nilikuwa naikimbilia mimi, na hatukuwahi kulizungumza. Mwenzako akichechemea, unapunguza mwendo, huhitaji kumtangaza.

Msimu uliofuata mambo yakawa mabaya. Tulifungwa huku na kule, na ikafika mechi ya mwisho tukihitaji sare tu ili tusishuke daraja. Wapinzani wetu walikuwa wamemsajili mshambuliaji kutoka Bujumbura, kijana mwepesi mwenye maneno mengi, Kiswahili kimejaa kinywani. Wiki ile nilimwambia Mreno kwamba tubadilishe maneno yetu, huyu Mrundi atatusikia. Alikuwa amekaa kwenye nyasi akivua viatu. Akasema katika umri wake hana kichwa cha kujifunza maneno mapya, na kwamba hata kama uwanja mzima ungesema Kiswahili, sauti yangu anaijua.

Basi tukacheza na maneno yale yale. Tulijilinda vizuri hadi karibu na mwisho, bila bila. Kisha ikapigwa krosi kutoka kulia kwao. Mimi nilikuwa nimevutwa hadi mlingoti wa karibu na mshambuliaji wao mwingine, na mpira ukanipita juu ya kichwa. Haikunitia hofu, kwa maana ulikuwa unakwenda kwa Mreno, polepole, mpira ambao hata mtoto angeutoa. Ndipo nikasikia nyuma yake mtu akiita acha.

Mreno aliinamisha kichwa. Mpira ukampita, ukamkuta Mrundi, naye akausukuma wavuni kwa utulivu kabisa.

Nilimkimbilia refa. Sheria inakataza mchezaji kumhadaa mpinzani kwa maneno, na refa alikuwa mtu mwema, alinisikiliza. Aliniambia, "Eish, ndugu yangu, kweli nimesikia neno. Lakini mimi neno lile silijui, na aliyelisema sikumwona." Akaonyesha katikati ya uwanja. Tulishuka daraja hivyo, kwa neno nililolifundisha mwenyewe.

Katika chumba cha kubadilishia nguo kocha alimuuliza Mreno kilichotokea. Mreno alikuwa anatazama sakafu. Akasema, "Nilisikia acha. Nikaacha." Watu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu katika timu nzima ni mmoja tu aliyekuwa akisema acha. Nikasema ni yule Mrundi. Nahodha akanijibu, bila hata ukali, kwamba mimi na Mrundi lugha yetu ni moja. Nilimngoja Mreno aseme kwamba haikuwa sauti yangu. Aliinuka akaenda kuoga.

Kilichofuata mtu yeyote anaweza kukikisia. Mkataba wangu haukuongezwa. Timu moja ya Pretoria ilinipigia simu, nikanunua viatu vipya, kisha wakanyamaza. Ikaenea kwamba nilikula rushwa, mulungula kama tunavyoiita kwetu, na kwamba mimi na Mrundi tulipanga kila kitu katika Kiswahili chetu. Yeoville nzima ilijua. Nikipita Rockey Street vijana wa saluni waliita acha mgongoni kwangu, kisha wakajifanya wanazungumza na simu. Mrundi mwenyewe nilimpigia. Alicheka, akasema ni mpira tu, kaka, usiweke moyoni, na kwamba akilisema hadharani atafungiwa. Baadaye alipata njia ya kwenda Kanada na familia yake.

Sikumtafuta Mreno. Nilisikia ameacha mpira, yeye na mkewe wanachoma kuku katika duka la jamaa zao huko Rosettenville, na kwamba wazee wa Kireno wa kule kusini wanampenda sana, wamebandika picha zake ukutani. Nilikuwa namkasirikia na bado namtetea. Nilijiambia masikini, alihadaiwa, sauti zilichanganyika, makelele yalikuwa mengi. Niliona nikimlaumu nitakuwa namlaumu mtu aliyeniamini kupita kiasi. Miaka ilikwenda hivyo. Nikajifunza kunyoa, nikakodi kiti, kisha nikapata vyumba viwili vyangu mwenyewe.

Majira ya baridi yaliyopita mkewe alinipigia. Alisema mume wake ni mgonjwa wa ini, ugonjwa umeenea, dawa za hospitali zinamtoa nywele vishungi vishungi, na amesema hataki kinyozi mwingine amwone hivyo, ila mimi. Nilitia mashine kwenye mfuko nikapanda teksi hadi mjini, nikachukua nyingine ya kusini.

Nilimkuta amekaa uani juani, chini ya mzabibu uliopukutika majani, blanketi magotini. Lile jitu lilikuwa limekwisha. Nilimfunga kitambaa shingoni, nikaanza upande wa kushoto, na nywele zilitoka kabla hata mashine haijazigusa vizuri. Tulizungumza habari za watoto, za umeme unaokatika, za bei ya kuku. Nilipodhani amesinzia, akasema, "Ndugu, nilijua si wewe."

Nilizima mashine. Alisema siku ile aliuona mpira unakuja akataka kuruka, na goti likakataa. Mguu haukunyanyuka. Angekosa mpira mbele ya watu wote, jamaa za mkewe wakiwa jukwaani, na kila mtu angeona kwamba amekwisha.

"Nikalisikia lile neno," akasema. "Nikalishukuru."

Nilikuwa nyuma yake, kichwa chake kimenyolewa upande mmoja, shingo imekonda, na nilijawa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata uwanjani. Nilimwambia kwamba watoto wangu wamekua wakisikia baba yao ni mwizi. Nilimwambia kwamba wachezaji wetu wa zamani wana kundi kwenye simu, mimi mwenyewe nimo, wananitumia salamu za Krismasi na hawaniamini. Aseme sasa hivi, maneno machache tu, nimrekodi, niwatumie. Nikatoa simu.

Aliisukuma simu kando kwa kiganja. Ndani ya nyumba mkewe alikuwa anaosha vyombo, na juu ya mlango niliziona zile picha zake, nyingine ya kijana mwenye nywele nyingi akiruka juu ya watu.

"Nikifa ndipo useme," akaniambia. "Niache niondoke nikiwa beki."

Nilimwambia maiti hatoi ushahidi. Akafumba macho. Ningeweza kuondoka, na kuna siku nasikitika kwamba sikuondoka, lakini kichwa hakiachwi nusu, hata cha adui. Nikawasha mashine nikamaliza upande wa kulia, nikampangusa kwa taulo ya maji ya moto, nikampaka mafuta. Alinishika kiganja akakibusu. Mkewe alinifungia kuku wa kuchoma, na nilimpa ombaomba mmoja kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani.

Alifariki kabla mvua hazijaanza. Kanisani kocha wetu wa zamani alisimama kumsifu, akasema marehemu alikuwa mtu wa kuamini wenzake, na kwamba pengine aliwaamini mno. Hakunitazama. Hakukuwa na haja. Wengine walinitazama kwa niaba yake. Nilibeba jeneza pamoja nao kwa sababu mjane aliniomba.

Wiki iliyofuata, mchana, duka likiwa halina mteja, niliandika kwenye lile kundi. Niliandika yote kama alivyoniambia, bila chumvi. Niliona kwamba wamesoma, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyejibu hadi jioni, nahodha alipoandika kwamba tumwache ndugu yetu apumzike, na kwamba si vizuri kumsema mtu ambaye hawezi kujibu. Wakafuata wengine na vijipicha vya mikono inayoomba na mishumaa.

Nilifunga duka nikaenda nyumbani. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kochi akimsuka binti yetu mdogo, ambaye alikuwa anatazama katuni za Kiingereza na kuguna kila nywele zilipovutwa. Aliona uso wangu akauliza kuna nini. Nilikuwa sijamwambia habari ya kule Rosettenville. Sikuficha, niliona tu kwamba katika dunia nzima yeye ndiye mtu asiyehitaji kuambiwa. Tangu siku ya mechi ile hakuwahi kuniuliza hata neno moja. Alikuwa akiamka alfajiri akienda kusuka vichwa vya watu ili tule, aligombana na majirani kwa ajili yangu, na kimya chake nilikiegemea miaka yote hiyo.

Basi nikamsimulia. Goti, neno, picha ukutani, simu aliyoikataa. Mikono yake ilipunguza mwendo, kisha ikasimama kabisa, kichana kikabaki kwenye nywele za mtoto. Akaanza kulia. Nilidhani anamlilia Mreno, nikasogea kumshika bega.

"Kumbe haukukulaka mulungula?" akaniuliza.

Alikuwa ananitazama usoni, na machozi yale yalikuwa ya furaha. Mtoto aligeuka akatutazama sote wawili, hakuelewa. Nikasema, "Hapana, mama watoto. Sikula."