Kaka wa Siku ya Krismasi

Mama mkwe alitua Stockholm wiki mbili kabla ya Krismasi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na koti ambalo mume wangu alimpelekea uwanja wa ndege lilimfika vifundoni. Barua ilisema anakuja kutuona. Mimi nilijua anakuja kulitazama tumbo langu. Tulikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka mitano, na kule nyumbani watu walishaanza kuuliza kulikoni. Wanaouliza sana, mara nyingi wana binti wa jirani wa kumtaja.

Ukweli ni kwamba mwezi wa nne wa mwaka ule nilikuwa nimepoteza mimba ya miezi sita. Mume wangu aliniomba mama yake asiambiwe. "Atakuona una mkosi," alisema. Nikakubali, maana sikuwa na nguvu ya kubishana. Tangu hapo hatukulizungumza jambo lile tena, hata sisi wawili kitandani.

Basi nikawa na mgeni, na juu ya mgeni nikawa na bata mzinga. Nchi nzima ile Krismasi ni nguruwe, na mama mkwe ni Msabato, nguruwe hamgusi, kwa hiyo mume wangu alikwenda madukani Skärholmen, hatua chache kutoka kwetu, akarudi na ndege wa kilo saba aliyeganda kama jiwe. Kwenye friji hakuingia. Tukamweka kwenye hodhi la kuogea ayeyuke, na mama mkwe akagoma kuoga mahali palipolala maiti, kama alivyosema. Siku mbili nilikuwa namtoa na kumrudisha ndege yule, asubuhi kabla sijaenda kazini na jioni nikirudi. Kazi yenyewe ilikuwa katika wodi ya wazee, kubadilisha mashuka na kuinua watu walionizidi uzito. Nilikuwa hoi bin taaban, na nikifika nyumbani nasalimiwa na sufuria.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nyumba hii watu hurudi gizani." Ilikuwa saa kumi alasiri. Jua lilikuwa limezama kitambo, na mimi sikuwa nimelizamisha.

Binti yetu alishinda mchana kwa mama mmoja wa Kiswidi, ghorofa ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa na viraka. Neno likikosekana alitia la Kiswidi. Mimi nilizoea hivyo kiasi kwamba sikusikia tena lugha moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kwa Kiswidi, kaka ni biskuti. Nilikuwa na kopo la biskuti za tangawizi juu ya kabati, nimeziweka za sikukuu, na mtoto alikuwa amezikodolea macho wiki nzima.

Jioni moja alinikuta nimeutia mkono mzima tumboni mwa yule ndege, navuta matumbo yaliyoganda.

"Mama, nimemwambia bibi nataka kaka. Bibi amesema nikuombe wewe."

"Siku ya Krismasi," nilijibu bila kugeuka. "Na ukiuliza tena hupati."

Akakimbia sebuleni kupeleka jibu. Punde nikasikia kigelegele, kimoja tu, kikakatizwa. Nilidhani ni televisheni, ingawa televisheni ya Waswidi sijapata kuisikia ikipiga kigelegele.

Kuanzia hapo mama mkwe akageuka mtu mwingine. Bata mzinga akaninyang'anya: "Weka chini, usibebe mizigo." Asubuhi nilikuta uji mezani. Nikirudi kazini aliniketisha, akanivua viatu, akanikanda miguu kwa mafuta aliyokuja nayo. Miaka sita ya ndoa alikuwa ameniita mkwe, na sasa nikawa mwanangu. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani ameiona kazi yangu, amenihurumia. Niseme wazi, nilimpenda kwa siku zile chache, na nilianza kuona haya kwamba tunamficha.

Siku ya Krismasi ndege alitoka ovenini saa saba mchana, kifua kimekauka, mapaja hayajaiva sawasawa. Nikapakua na pilau. Mama mkwe akasimama kuomba. Alishukuru kwa safari, akashukuru kwa chakula, kisha akaendelea. "Na tunakushukuru, Baba, kwa kaka uliyempa mjukuu wangu, huyu aliye tumboni mwa mama yake."

Nilifungua macho. Mume wangu naye alikuwa ameyafungua. Mtoto, aliposikia neno lake limetajwa hata kwenye sala, akaruka kitini na kuonyesha juu ya kabati. "Kaka sasa! Mama alisema leo!"

Mama mkwe akalitazama kabati.

Mume wangu ndiye aliyeelewa kwanza, na akaanza kucheka. "Biskuti, Mama! Kwa Kiswidi kaka ni biskuti!" Alicheka mpaka akashika meza. Mama mkwe hakucheka. Aliketi polepole, akaishika leso yake kama mtu aliyepewa kitu kisha akapokonywa mbele za watu. Mimi nilipandwa na hasira, si kwake, bali kwa kile kicheko.

"Alikuwepo, Mama," nikasema. "Kaka wa kweli. Nilimpoteza mwezi wa nne, mimba ikiwa ya miezi sita."

Kicheko kikakoma. Nikangoja neno la mkosi. Mama mkwe akauliza, "Mlimzika wapi?"

Siku ile hospitalini muuguzi aliniuliza jambo kwa upole, na Kiswidi changu wakati huo kilikuwa cha mashuka na vyoo tu. Niliitikia kwa kichwa, akamchukua mtoto. Pale mezani nikamgeukia mume wangu. Naye hakuwa ameuliza.

"Sijui, Mama."

Mama mkwe akaondoka mezani. Akajifunika khanga kichwani, akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kama wanavyoketi wanawake kwetu penye msiba.

"Njoo ukae, mwanangu," akasema. "Mtoto huyu hajaliliwa."

Nikaketi kando yake, nikalia kwa sauti, mchana kweupe, majirani wote wakisikia.